Itoeni Kabatini: Maneno Juu ya Saa ya Kwanza

Hotuba hii niliitoa Tanga jioni moja, mbele ya mafundi saa, wanafunzi wa uuguzi na majirani waliokuja na saa zao za zamani mifukoni. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza marudio tu.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na nyinyi wanangu wa uuguzi mliojibana kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Kabla sijaanza, naomba tunyamaze kidogo. Naiweka saa yangu karibu na kipaza sauti.

Mmeisikia? Haigongi polepole kama saa ya ukutani. Inakwenda mbiombio, mara 6 kwa kila sekunde. Kwa saa moja ni mara 21,600. Kutoka leo magharibi hadi kesho magharibi itakuwa imegonga mara 518,400, na mwaka mzima, kama haikusimama, zaidi ya mara milioni 189. Ndani yake hamna betri hata moja. Nimeivaa tangu mwaka 1984, na kila nikiiweka sikioni bado nashangaa.

Walioniita hapa waliniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kujiuliza: kwa nini mtu asahau baiskeli yake ya kwanza, asahau redio yake ya kwanza, lakini saa yake ya kwanza ya kutia ufunguo, au ya otomatiki kama hii, inayojikaza kwa mwendo wa mkono, aikumbuke hadi uzeeni? Nimelala na swali hilo siku nyingi. Nitawajibu kwa kuwaeleza habari za saa hii moja, kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 1984. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, kitambaa cha sare ya shule ukikipata unasujudu. Bajeti ya mwaka ule ndiyo iliyowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na madukani vitu vikaanza kuonekana kidogo kidogo. Lakini saa ya mkono bado haikuwa kitu cha kuingia dukani ukachagua. Saa ilikuja na mtu. Ilikuja na baharia, na hujaji, na ndugu aliyekuwa Muscat au Dubai. Kila mwenye saa nzuri mtaani kwetu ungeweza kumuuliza, "Nani kakuletea?" na akakutajia mtu.

Yangu aliileta mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa akifanya kazi melini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Baba alikuwa amemtumia salamu miezi mingi kabla: akipita Dubai amtafutie binti saa yenye mshale wa sekunde, kwa sababu nesi hawezi kazi bila mshale wa sekunde. Mjomba alishuka bandarini na begi moja, akaja nyumbani, akatoa kanga, akaikunjua, na ndani ya kanga mkawa na saa. Seiko 5, uso wa buluu iliyoiva, mkanda wa chuma. Ilikuwa saa ya kiume na mkono wangu ulikuwa mwembamba kama fimbo. Baba akanichukua siku hiyohiyo hadi Ngamiani kwa fundi, naye akapunguza vipande viwili vya mkanda, akavitia ndani ya kiberiti kitupu na kunikabidhi. "Vitunze," akaniambia. "Mkono utanenepa." Kiberiti hicho ninacho. Vipande vyenyewe vilisharudi kwenye mkanda, kimoja nilipopata mtoto wa kwanza, cha pili nilipopata wa tatu.

Baba yangu alikuwa mtu wa relini. Reli hii ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, kabla ya nyingine yoyote Tanganyika, na watu walioifanyia kazi walikuwa na adabu yao kuhusu saa. Ratiba ya treni imeandikwa kwa hesabu ya kizungu, na abiria anauliza kwa hesabu ya Kiswahili. Karani wa stesheni anasimama katikati, siku nzima anatafsiri. Kwa hiyo somo la kwanza alilonipa jioni ile, tumekaa barazani, lilikuwa la kutafsiri.

Alinivutia taa, akaizungusha mishale, akaniambia: "Mama, tazama huu mshale mfupi. Ncha yake imeelekea 1. Je, ni saa ngapi?" Nikasema saa moja. Akacheka. "Saa moja jua ndilo kwanza limechomoza. Usiangalie ncha, angalia mkia." Na kweli, mshale mfupi una kimkia nyuma yake, ng'ambo ya pili ya kile kipini cha katikati, na kimkia kile kilikuwa kimeelekea 7. Saa saba mchana. Ncha inawasemea wenzetu, mkia unatusemea sisi. Ukiwa saa saba na nusu, mkia uko kati ya 7 na 8, haukosei. Tangu usiku ule sijawahi kuisoma saa ya mishale kwa kujumlisha au kutoa sita. Nasoma mkia.

Naomba mnisamehe nikikaa hapo kidogo, kwa sababu wajukuu zangu wanajifunza saa kwenye simu, na simu haina mkia. Inaandika 13:00, basi. Mtoto anapaswa kupiga hesabu kichwani. Kwenye uso wa mviringo hesabu mbili zilikuwa zinakaa pamoja kwenye mshale mmoja, na mtoto wa Kiswahili aliyepewa saa yake ya kwanza alikuwa anapewa na funguo ya hesabu zote mbili.

Tena saa yangu ilitoka Ghuba, kwa hiyo lile dirisha dogo la siku linaweza kuonyesha siku kwa Kiingereza au kwa Kiarabu. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani kwa maalimu, herufi nazijua, nikaliweka kwa Kiarabu na sijalibadili. Hapo nikagundua jambo lililonifurahisha sana. Sisi tunahesabu wiki tangu Jumamosi, ndiyo maana siku ya tano tunaiita Jumatano. Waarabu wanahesabu tangu Jumapili, na siku yao ya tano ni al-khamis, tukaichukua tukasema Alhamisi. Kwa hiyo wiki yetu ina siku mbili za tano, zimefuatana, na hakuna anayeona ajabu. Mimi niliona nikiwa na miaka kumi na minane, saa iko mkononi, siku inabadilika mbele ya macho yangu usiku wa manane.

Sasa niwaeleze kilichomo ndani, kwa sababu naamini mapenzi ya kitu hiki yanaanzia humo. Fundi aliyeko hapa atanisahihisha.

Ukiugeuza mgongo wa saa ukafungua mfuniko, cha kwanza kukiona ni kipande cha chuma kizito chenye umbo la nusu duara. Kimeshikwa katikati tu, kinazunguka huru. Ukiinua mkono kufunga mlango, kinazunguka. Ukiosha vyombo, kinazunguka. Kila kikizunguka, kulia au kushoto, kinaikaza springi kubwa iliyokunjwa ndani ya kikopo chake. Hiyo springi ikishakazwa haina hamu nyingine duniani ila kufunguka. Ukiiacha ifunguke itafunguka yote mara moja, na mishale itazunguka kama feni. Kwa hiyo kazi yote iliyobaki ndani ya saa ni kazi ya kuizuia.

Anayezuia ni kidude kidogo chenye umbo la uma. Kinanasa jino moja la gurudumu, kinaliachia, kinanasa jino linalofuata. Mwingereza Thomas Mudge ndiye aliyekibuni katikati ya karne ya 18, na hadi leo saa nyingi za mkono zisizo na betri zinatumia utaratibu wake. Na anayekiamuru kile kidude ni gurudumu la mizani, linalokwenda huku na kurudi bila kuchoka, likirudishwa na springi nyingine nyembamba kama unywele, iliyozungushwa kama konokono. Hiyo ya unywele ilianza kutumika mwaka 1675, kwa mkono wa Mholanzi Christiaan Huygens. Sauti mliyoisikia kwenye kipaza sauti ni meno yakinaswa na kuachiwa. Ni sauti ya kuzuia.

Pale vyuma vinapozungukia pamewekwa mawe ya rubi, maana rubi ni ngumu na uso wake unateleza, haisagiki upesi. Saa yangu inayo 17. Mtu mmoja aliniuliza kama nikiyatoa nitapata bei. Hapana. Ni rubi za kutengenezwa kwa moto, njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na kila moja ni ndogo kuliko punje ya mtama. Thamani yake ni kukaa pale ilipo.

Mmeona nguvu inatoka wapi? Inatoka kwangu. Chai na mihogo niliyokula asubuhi ndiyo iliyozungusha mishale jioni. Nikilala homa siku mbili, saa nayo inalala. Hakuna kitu kingine nilichowahi kumiliki chenye uhusiano wa namna hiyo na mwili wangu. Baiskeli inakwenda kwa miguu yangu, ndiyo, lakini nikishuka inasimama palepale. Saa nikiivua inaendelea kwa zaidi ya siku nzima kwa nguvu niliyokwisha kuipa. Inakwenda kwa akiba ya jana.

Nikaingia nayo kazini. Wanafunzi wa uuguzi, sikilizeni hapa.

Wodini hatukuruhusiwa kuvaa saa mkononi, na sababu mnaijua, mikono lazima ioshwe hadi juu ya kifundo. Nilikuwa naufunga mkanda, naining'iniza kifuani kwa pini. Kwa mshale wa sekunde nikahesabu mapigo ya mshipa, nusu dakika mara mbili, na mapigo yakiwa hayana mpangilio nahesabu dakika nzima bila kupunguza. Kazi hii ya kuhesabu mshipa kwa saa ni ya zamani. Mwaka 1707 daktari Mwingereza aitwaye John Floyer alichapisha kitabu kuihusu, akitumia saa aliyotengenezewa makusudi, inayokwenda dakika moja kisha inasimama. Nilipolisoma hilo nikamhurumia kidogo, na nikaitazama yangu kwa heshima zaidi.

Halafu nikahamia wodi ya wazazi, nikawa mkunga, na huko ndiko saa ikawa yangu hasa. Mtoto akishazaliwa, dakika ya 1 unampa alama za Apgar, na dakika ya 5 unampa tena: rangi, mapigo ya moyo, namna anavyoshtuka, ulegevu au ukakamavu wa viungo, na pumzi. Utaratibu huo ni wa daktari Mmarekani Virginia Apgar, wa mwaka 1953. Moyo wa mtoto mchanga unakwenda mara 120 hadi 160 kwa dakika. Una mtoto mkono mmoja, macho kwenye mshale, masikio kwa mama. Watoto wangapi wa mji huu wamepokewa chini ya saa hii, sijui idadi. Nikipita sokoni mtu mzima ananiita "bibi" na mamaye ananiambia, "Huyu ndiye yule wa usiku wa mvua."

Usiku mmoja wa Alhamisi nilipokea mtoto wa kiume saa nne na dakika kumi. Nikaandika kwenye kadi: Alhamisi. Asubuhi bibi yake mtoto akaja, akaisoma kadi, akanirudishia kwa upole. "Mwanangu, umekosea. Huyu ni Juma, si Hamisi." Nikamwambia nilipoitazama saa usiku, dirisha lilisema al-khamis. Akasema, "Mwanangu, jua lilikuwa limeshatua. Usiku ule ni wa Ijumaa." Na alikuwa na haki yake. Kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani siku inaanza magharibi. Saa yangu inaanza siku saa sita ya usiku, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa kiwandani. Kadi ikabaki Alhamisi, mtoto akaitwa Juma, na hakuna aliyemdhulumu mwenziwe. Tangu siku hiyo kila mtoto akizaliwa kati ya magharibi na usiku wa manane, nilikuwa namwambia mama habari zote mbili, achague mwenyewe jina.

Sasa kosa. Niliugua malaria siku mbili nyumbani, saa iko mezani. Nikarudi kazini zamu ya usiku, nikaikuta imesimama, nikaitikisa mara tatu nne, ikaanza, nikailinganisha na saa ya mwenzangu, nikaipachika kifuani. Saa kifuani haichezi kama mkononi. Akiba ya mitikiso mitatu minne si kitu. Usiku wa manane umeme ukakatika. Karibu na alfajiri tukapokea mtoto kwa taa ya kandili, hakulia, na nilipotupa jicho kifuani mshale wa sekunde ulikuwa umesimama. Sijui ulisimama lini. Mkunga mkubwa aliyekuwa nami hakupaza sauti. Alishika kitovu cha mtoto kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu kwa mdomo, pole pole, kwa sauti ya kawaida, huku mimi nikimsugua mtoto mgongo. Mtoto akalia. Tulipokuwa tunaandika kwenye daftari muda wa kuzaliwa, hatukuwa na saa ya kuamini chumbani mle. Ndipo adhana ya alfajiri ikasikika, tukahesabu kurudi nyuma, tukaandika saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Mtoto yule ni mzima, ana watoto wake. Lakini mimi sikulala siku ile. Kosa halikuwa la saa. Saa yangu haina namna ya kuikaza kwa ufunguo wa ubavuni, ule ni wa kupanga mishale na siku tu. Inakazwa kwa mwendo, na mwendo niliokuwa nimeipa haukutosha. Tangu hapo, kila usiku kabla ya zamu, niliilaza kiganjani nikaizungusha taratibu mara thelathini, halafu saa mbili usiku nikailinganisha na redio, taarifa ya habari inapoanza. Hata leo nimestaafu, nafanya. Mkono unajua wenyewe.

Asubuhi ile nikaenda kwa fundi, yuleyule wa kiberiti. Alikaa barazani ndani ya sanduku la vioo, kioo cha kukuzia amekibana jichoni. Akaifungua, akatazama, akasema, "Kutikisa ni nusu ya habari. Mafuta yamekauka." Mafuta ya saa yakizeeka yanakuwa kama gundi, na yanazeeka hata saa ikiwa haitumiki. Akaivunjavunja yote mbele yangu juu ya kitambaa cheupe, kila kipande akakiosha kwa petroli na brashi, akakausha, akaanza kurudisha. Mafuta mapya aliyatia kwa ncha ya sindano, tone dogo kiasi kwamba sikuliona likidondoka. Kabla ya kufunga akachukua sindano nyingine, akakwaruza ndani ya mfuniko wa nyuma tarehe na alama yake. Mafundi wengi hufanya hivyo, na mwenye saa asipofungua hatajua kamwe. Mfuniko wangu una alama tano sasa. Nne ni za mzee yule, Mungu amrehemu. Ya tano ni ya mwanawe, aliyekaa pale kwenye meza ya pembeni, na mnaona anainamisha kichwa sasa hivi kwa kuwa nimemtaja.

Najua mnasubiri niseme kuhusu saa za betri. Sizichukii. Ya kwanza ya mkono ya namna hiyo iliingia sokoni Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, nayo ilitengenezwa na kampuni hiyohiyo iliyotengeneza hii yangu. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, fedha ya gari dogo. Leo za kawaida zinauzwa hata kwenye beseni stendi. Ndani mna kipande cha fuwele kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mwezi mzima kinaweza kukosea sekunde kumi na tano tu. Yangu inaweza kukosea ishirini kwa siku. Kwa kazi ya wodini, kama mngeniuliza leo mnunue ipi, ningewaambia ya betri, bila kusita.

Kwa ajili ya saa hizo za betri, Uswisi waliona cha moto. Mwaka 1970 watu kama 90,000 walikuwa wanaishi kwa kazi ya saa kule, na kufika katikati ya miaka ya 80 walibaki kama 30,000. India nayo ilikuwa na kiwanda chake cha HMT pale Bangalore, kilichoanza mwaka 1961 kwa kushirikiana na Citizen ya Japani, na saa zake za kutia ufunguo zilikuwa zawadi ya kijana aliyefaulu, aliyepata kazi, aliyeoa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2016. Nasikia Wahindi wa umri wangu wakizungumzia saa zao za HMT kwa sauti ileile ninayozungumzia hii. Kwa hiyo si Tanga peke yetu.

Lakini mjukuu wangu aliniuliza juzi, kwa nia njema kabisa: "Bibi, si ni kwa sababu ulikuwa kijana tu? Mtu anapenda vitu vya ujanani." Nilimfikiria sana. Nilikuwa na redio ujanani, niliipenda, ikaharibika, nikanunua nyingine. Nilikuwa na cherehani, nikaiuza. Sikulia. Na nilikuwa na saa nyingine kati ya miaka ile, mbili za betri, nilizipewa kwa heshima, na sikumbuki hata zilikuwa na rangi gani. Kwa hiyo si ujana peke yake.

Nadhani ni hivi. Saa ya namna hii ilipokuja kwako ilikuja na kazi ya kufanya. Baba hakunipa pambo. Alinipa kitu ambacho nikikisahau kinakufa, tena kinakufa wakati mtu mwingine anakihitaji. Msichana wa miaka kumi na minane alikuwa hajawahi kukabidhiwa kitu cha namna hiyo. Mtoto mchanga nilikabidhiwa baadaye. Kwanza nilikabidhiwa saa. Na kwa kuwa inakaa pale ambapo mshipa unapita, na inakwenda kwa mwendo wako, na inakosea kidogo kila siku ili ulazimike kuitazama na kuirekebisha, hamwezi kuachana bila kujua. Simu yangu inaletewa saa na mtandao. Haijawahi kuniomba chochote.

Ndiyo maana jambo linalonikera, na nalisema mbele ya wazee wenzangu bila kuficha, ni hizi saa zilizolala makabatini. Nimekwenda nyumba nyingi katika mji huu. Mtu anafungua droo, anatoa bahasha, ndani ya bahasha mna saa ya marehemu baba yake, imesimama tangu msiba. "Naitunza," anasema. Anaifuta kwa kitambaa, anairudisha. Ndugu yangu, huitunzi. Mafuta yanakauka humo droo kama yanavyokauka mkononi. Mpira wa kuzuia maji unapasuka. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, inaingia, kutu inaanza kwenye mashina ya magurudumu, na siku mjukuu atakapoitaka fundi atakuta unga mwekundu. Saa iliyopigwa mafuta na kuvaliwa ina usalama zaidi kuliko saa iliyofichwa.

Itoeni. Ipelekeni kwa fundi kwanza, msiitikise kwa nguvu ili muone kama inakwenda, maana kuzungusha vyuma vikavu ni kuvisaga. Ikishapona ivaeni. Usiingie nayo baharini, hata kama mgongoni imeandikwa kuwa inastahimili maji, maandishi yale yalikuwa ya kweli siku ilipotoka kiwandani. Na tafadhali msikubali kubadilishiwa uso. Binti yangu alitaka kunifanyia zawadi ya kuwekewa uso mpya, wa buluu inayong'aa. Nilimshukuru nikakataa. Uso wa saa yangu una baka la unyevu karibu na 8, kama tone la chai. Liliingia mwaka wa mvua kubwa, nilipokwenda kwa miguu kuzalisha mama kijijini, mto umejaa. Nikiliondoa baka lile, siku ile itabaki wapi? Kioo kikivunjika badilisheni. Mkanda ukikatika badilisheni. Uso uacheni.

Na nyinyi vijana, kama mzazi hajakupa saa, si lazima iwe ya fedha nyingi. Fundi pale ana za mitumba alizozifufua mwenyewe, na ukimuuliza atakuonyesha alama ya fundi aliyemtangulia ndani ya mfuniko. Chagua moja, ivae mwaka mzima bila kuibadilisha na nyingine. Ijue inakimbia au inachelewa kiasi gani, ukiiweka kifudifudi usiku na ukiiweka ubavu, kwa sababu hazikosei sawa. Yangu nikiilaza kifudifudi inawahi, nikiisimamisha ubavu inachelewa, kwa hiyo usiku naiweka kutegemea na ilivyokosea mchana. Ikiwa imewahi, naisimamisha ubavu, kufikia asubuhi imejirudi. Hilo hakunifundisha mtu. Lilinichukua miaka mitatu kuling'amua.

Mjomba aliyeileta hayupo. Baba hayupo. Mkunga mkubwa aliyehesabu kwa mdomo usiku ule yupo, ana miaka tisini na kitu, nilimpelekea saa hii wiki iliyopita. Haoni vizuri tena. Aliiweka sikioni, akakaa nayo kimya kwa muda mrefu, nikafikiri amesinzia. Kumbe alikuwa anahesabu. Aliponirudishia akasema, "Hii haisimami tena?" Nikamwambia haisimami.

Basi, nimewachosha. Ncha ya mshale mfupi iko katikati ya 7 na 8, mkia uko katikati ya 1 na 2. Bado kidogo adhana ya isha. Fundi amewasha taa yake na ametandika kitambaa cheupe. Yule mzee wa kofia ya kijani ameshika bahasha tangu nilipoanza kusema, naomba tumpishe apite wa kwanza.